Mabati ya Mpangaji wa Dada

Laiti ningalimwambia dada hapana. Alikuwa amekaa jikoni kwangu Musonoi, viatu amevivua kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwa safari ya lori kutoka Fungurume, na aliniomba jambo moja tu: nimwangalizie nyumba yake ya Manika. Mpangaji wake alikuwa anakaribia kuhama. Mpangaji akihama, lazima mtu aingie ndani, atazame kilichoharibika, kisha aseme kama mpangaji huyo arudishiwe dhamana yote au akatwe.

"Weye unajua manyumba, mudogo yangu," alisema. "Mi nikiingia mule naona tu fasi bwana yangu alikuwa analala. Siwezi kuangalia kuta."

Nilikubali kabla chai yake haijapoa. Nilikubali kwa sababu nilifurahi kuombwa. Huyu alikuwa dada yangu mkubwa, yaya kwa lugha ya kwetu, aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokufa, na aliyeuza mandazi mbele ya kanisa mpaka nikamaliza shule ya sekondari. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa naomba kwake. Sasa mume wake alikuwa amefariki, alikuwa anaishi Fungurume na binti yake akiuza unga, na pango la nyumba ile ndilo lililomsimamisha. Nilijiona nimekuwa mwanaume wa ukoo.

Aliniwekea sharti moja, akivaa viatu vyake ili aondoke. "Uangalie tu. Ukiona kitu, unaniambia, tunaongea. Usikate mutu mbele ya kuniambia."

Nikasema ndiyo, yaya, sitamkata mtu kabla ya kukuambia.

Dhamana yenyewe, ambayo sisi tuliita garanti kwa Kifaransa, haikuwa pesa. Miaka ile ya Zaïre noti zilikuwa zinapoteza nguvu hata ukizifunga sandukuni, kwa hiyo watu wenye akili waliweka dhamana ya vitu. Mwingine aliweka baiskeli, mwingine redio. Mpangaji wa dada aliweka mabati mapya, kumi na mawili, ambayo hayakuwahi kupigwa msumari. Yalikuwa yameegemea ukuta wa nyuma wa nyumba ya jirani, na kazi yangu ya kwanza, mara tu baada ya kukubali, ilikuwa kuyahamishia kwangu. Nilisema pale kwa jirani yangeibiwa. Hakuna aliyeniomba niyahamishe.

Lazima nieleze jicho nililokuwa nalo. Nilifanya kazi katika ofisi ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Familia ikitoka katika nyumba ya kambi, mimi niliingia na kutafuta. Nilijua kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikia mahali palipozibwa. Nilijua kwamba kalenda iliyotundikwa chini mno imefunika tundu. Nilikuta milango ya ndani imechomwa kama kuni, na mama wa nyumba ananiambia kwa sauti ya kanisani kwamba waliingia nyumba haina milango. Baada ya miaka ya kazi hiyo sikuwa tena naingia nyumbani kwa mtu kumsalimu bila kutazama pembe za dari. Mke wangu alinicheka. Alisema nikifika mbinguni nitauliza nani alivunja kioo.

Mpangaji nilimjua. Alikuwa Mwislamu, watu wake walitoka upande wa Kasongo, na alikuwa na lori kuukuu alilopakia unga, chumvi na mawese kati ya Fungurume na Kolwezi. Mtu wa sauti ya chini, alilipa pango bila kufuatwa. Kwa miaka mitatu alikuwa anajenga nyumba yake mwenyewe, mitaa michache tu kutoka pale, matofali mabichi, na kuta zilikuwa zimesimama tayari. Zilikuwa zinangoja paa. Paa hilo lilikuwa kwangu Musonoi, nyuma ya banda la kuku. Na mvua za kwanza zilikuwa karibu. Kila jioni mawingu yalikusanyika upande wa machimbo, kisha yakatawanyika. Kila mtu Kolwezi anajua tofali bichi linafanya nini likinyeshewa bila kofia.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi kwa baiskeli. Nyumba ilikuwa tupu, mke wa mpangaji anafagia chumba cha mwisho, na harufu ya mawese ilikuwa bado ukutani.

"Karibu, tata," mpangaji alisema. "Nyumba iko mweupe. Uangalie fasi yote."

"Sitwaye," nikamjibu, "nitaanza na chumba cha mbele."

Neno hilo lilikuwa la ofisini na la mikutano ya chama. Raia mwenzangu, ndiyo maana yake, lakini nyumbani hatukuitana hivyo; mtu alikuita sitwaye alipotaka ujue kwamba leo hamfahamiani. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwita tata, yaani baba, kwa heshima, na yeye aliniita tata. Mke wake aliacha kufagia.

Mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Alinipeleka mlangoni, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya kiraka cha simenti kilichokuwa cheupe kuliko sakafu. "Hapa njo fasi fitu ya mawese iliangukaka, tulikuwa tunaibingirisha kuingiza. Nilimwambia yaya yako siku ileile. Akasema niziba. Nikaziba."

Fitu ni pipa, na pipa lililojaa mawese si kitu chepesi. Nilitazama kiraka, halafu nikatazama ndani zaidi. Katikati ya chumba ulianza ufa. Ulikwenda mpaka ukuta wa dirisha, ukapanda ukutani, ukafika kwenye pembe ya dirisha lenyewe. Kidole changu kidogo kiliingia.

"Na huu?"

"Ule haikuwa fitu, tata. Ule ulikuja yenyewe, kiloko kiloko. Mwaka wa jana ulikuwa kama unywele."

"Ukikanyaga pale," mke wake alisema, "chini inalia sawa ngoma. Ukanyage, usikie."

Sikukanyaga. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Mimi niliyekuwa nagonga kuta za watu kwa kidole, niliambiwa pa kugonga na sikugonga, kwa sababu aliyeniambia alikuwa mtu ninayemchunguza.

"Pipa lilianguka," nikasema, "na sakafu imepasuka. Chumba ni kimoja."

"Lilianguka mulangoni, tata. Kupasuka iko kule."

"Simenti hupasuka inakotaka."

Mke wake alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi fitu yetu ilikuwa na miguu. Ilianguka mulangoni, ikaamka, ikajipanguza, ikaenda kuanguka tena kwa dirisha."

"Nyamaza, mama," mumewe alisema.

"Ninyamaze na nini? Ni paa yetu."

Kilichomponza ni kwamba alikuwa amekiri. Katika kazi yangu, mtu aliyekuja mwenyewe kuniambia amevunja kioo mara nyingi alikuwa amechoma mlango. Anakupa dogo ulishike, ili mikono yako ijae. Ndivyo nilivyofikiri nikimtazama mpangaji yule akiwa bado amechuchumaa karibu na kiraka chake. Kama angeniacha nigundue kiraka mwenyewe, labda ningemwamini zaidi. Kwa nini anionyeshe? Kwa nini alikimbia kumwambia dada siku ileile? Kila kitu alichofanya sawasawa nilikiona kama maandalizi.

Nikamwambia nitarudisha mabati sita. Sita yatabaki mpaka sakafu na ukuta vitengenezwe.

Alisimama. Hakupandisha sauti. "Tata, mvua inakuja. Sita haifunike nyumba, inafunika chumba moya. Unipe yote leo. Kama unaona iko deni, nitaleta simenti, nitaleta fundi, mi mwenyewe nitashika mwiko. Niko jirani, sikimbie."

Lilikuwa pendekezo la mtu mwaminifu, na mimi nililisikia kama la mjanja. Mabati yakishatoka hayarudi, nilijiambia. Nikapanda baiskeli.

Sikumpelekea dada habari. Nilisema nitamwandikia, kisha nikasema ni afadhali niende, na wiki ikapita. Mpangaji alimfikia kabla yangu, kwa sababu lori lake lilipita Fungurume. Dada alikuja siku ya pili yake akiwa juu ya magunia ya mtu mwingine. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya banda la kuku, akayahesabu mabati sita kwa macho.

"Ulikata mutu mbele ya kuniambia."

"Ni kwa ajili yako, yaya. Nyumba ni yako."

"Nyumba iko yangu, na mabati inalala kwako."

Hakuwa anamaanisha wizi, sasa najua. Wakati ule neno lile liliniingia kama mwiba. Nilimwonyesha kwa mikono urefu wa ufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ile siku fitu ilianguka mi nilifika pale. Nilikuwa nimekuja kuchukua pango. Niliona kwa macho yangu fasi ilianguka. Umurudishie."

Mtu mwingine angetulia hapo. Shahidi alikuwa amepatikana, na ni mwenye nyumba mwenyewe. Mimi nilianza kumshuku shahidi.

Nilirudi kwa mawazo kwenye kila safari niliyofika kwake Fungurume. Nikakumbuka chupa ya mawese jikoni kwake, na nani alimletea. Nikakumbuka kwamba lori lile lilipita mlangoni kwake kila juma. Kwamba alikuwa bado mwanamke wa kutazamwa, na mjane. Kwamba alikuwa pale siku ya pipa. Kwa nini awe pale siku hiyo hasa? Mpangaji alikuwa na mke, nilimwona akifagia, lakini hata hilo niliweza kuligeuza. Ukishazoea kutafuta tundu nyuma ya kalenda, kila kalenda inakuwa na tundu.

Dada aliona sitikisiki, akafanya jambo la adabu. Alimwita shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aje asikilize kati yetu, kwa kuwa nyumba ilijengwa na kaka yake. Tulikaa uani kwangu, yeye, dada na mimi. Shemeji alikuwa mtu mpole wa maneno, na tangu mazishi alikuwa akisema nyumba ya Manika ni ya ukoo wao. Dada alikuwa amemzuia kwa heshima yake tu. Watu walimjua kuwa mjane aliyetulia, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Mimi nilijua hayo yote.

Dada alieleza kisa cha pipa. Alisema, "Mi naomba mudogo yangu arudishe bitu bya benyewe, mvua isikute batoto ba batu inje."

Shemeji akanigeukia. "Na weye, shemeki, unaona namna gani?"

Nikasema, "Mimi naona mjane hamtetei mpangaji namna hii bure."

Sikulipuka. Nililisema taratibu, kama nilivyokuwa nasema ofisini nikimwonyesha mtu mahali alipoficha.

 Dada akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, polepole, akasimama. Shemeji alisema tu, "Tumesikia." Alisema kwa wingi, kama mtu anayebeba ujumbe kwa watu wake. Na aliubeba. Haukupita mwezi, ukoo ule ulikuwa umechukua ufunguo wa nyumba ya Manika. Walisema kaka yao hakujenga ili wengine wastareheke. Walisema si wao walioanza kusema, ni ndugu yake mwenyewe wa tumbo moja.

Mvua ilinyesha wiki ileile ya ufunguo.

Shemeji alitaka sakafu itengenezwe kabla ya kuingiza mpangaji wake, akaniita, kwa kuwa najua nyumba. Nilikwenda. Ndani yangu nilitaka kuthibitisha. Nilichukua nyundo na patasi, nikapiga katikati ya chumba cha mbele, mahali ambapo mke wa mpangaji alisema panalia. Pigo la tatu simenti ilivunjika kama kigae cha chungu na patasi ikazama mpaka mkononi mwangu. Chini yake palikuwa patupu. Nilipanua tundu, nikaona udongo mwekundu umelainika na kushuka, na ndani yake njia nyembamba za mchwa, nyingine kavu, nyingine zikiwa bado na mchwa weupe wanaohangaika kwa mwanga.

Hapo nilikumbuka kichuguu.

Kwetu, upande huu wa Lualaba, vichuguu ni virefu kuliko nyumba, na udongo wake ndio mzuri kwa matofali. Mtu akipata kiwanja chenye kichuguu hushukuru: anakibomoa, anafyatua matofali palepale, hakodi gari. Kiwanja cha marehemu mume wa dada kilikuwa na kichuguu kikubwa katikati. Tulikibomoa sisi wawili, yeye na mimi, likizo nzima, na matofali ya nyumba ile yalitoka humo. Tulipofika usawa wa ardhi kilibaki kitako chake, kipana, kinashuka chini kuliko tulivyoweza kuchimba. Marehemu alitaka kusogeza nyumba kando. Mimi ndiye niliyesema tukijaze kwa makombo yake, tukishindilie, tujenge juu. Nilikuwa mchovu na likizo ilikuwa inaisha. Nilimwambia mchwa wamekwisha kuhama.

Tuliweka chumba cha mbele juu yake.

Shemeji aliinama, akachungulia tundu. "Basi haikuwa fitu," alisema.

"Haikuwa."

"Ju ya nini umepiga sasa, na si siku ile?"

 Nilimwambia kwamba kwa hiyo dada alisema kweli, na kwamba neno lile nililosema uani halikuwa na msingi, na ufunguo urudi kwake. Alipangusa magoti yake.

"Sakafu njo imejibu juu ya fitu," alisema. "Juu ya ile ingine, ni weye ulisema, shemeki. Haikuwa mi."

Jioni hiyo nilikodi mkokoteni nikapeleka mabati sita. Nyumba ya mpangaji ilikuwa na paa nusu. Nusu nyingine walikuwa wametandaza turubai la lori, na ukuta wa upande huo ulikuwa umekwisha; ulikuwa umelala ndani ya chumba kama tope la bukari, ugali wa kwetu. Watu wote walikuwa wanalala katika chumba kimoja. Mpangaji alipokea mabati, akayagusa kingo moja moja, akasema asante, tata. Nilimweleza kuhusu kichuguu. Nilisema ukuta nitaujenga kwa gharama yangu, na niliujenga, lakini hilo lilikuwa jambo la mwaka uliofuata.

Mke wake alikuwa anakamua nguo. "Na yaya yako?" aliuliza. "Yeye ukuta wake utaujenga na nini?"

Walikuwa wamesikia. Manika yote ilikuwa imesikia.

Nilifika Fungurume nikiwa nimefikiri maneno yangu njiani. Dada alikuwa mezani kwake sokoni, anachekecha unga. Alinivutia kiti, akaagiza binti yake aniletee maji, kama anavyofanyiwa mgeni. Hakuwahi kunitendea kama mgeni. Nilimwambia kila kitu, tundu, mchwa, kitako cha kichuguu, na kwamba mimi ndiye niliyemshauri marehemu. Aliendelea kuchekecha.

"Mabati umerudisha?"

"Nimerudisha, yaya."

"Muzuri."

"Nisamehe."

"Ya mabati nilishasamehe. Ya nyumba pia, nyumba ni udongo." Alimwaga makapi pembeni. "Ile neno ingine sijue namna ya kuisamehe. Mi nikikusamehe, batu bataendelea kuisema. Mi njo nilikulea; weye ulinilea siku gani, mpaka ukanijua vile?"

Nikamwambia hakuna nilichojua. Nilidhani tu.

"Njo vile," alisema. "Ulidhani."

Miaka iliyofuata nilikwenda mara nyingi. Kila mara kiti, kila mara maji. Aliniuliza habari za mke wangu na watoto wangu, kwa majina, na hakuniuliza habari zangu. Nikiumwa alituma unga, haukuja na neno. Mume wa pili hakupata. Mtu mmoja wa heshima alileta posa, kisha wakubwa zake wakaulizia Kolwezi, na posa ikakaa kimya. Hilo niliambiwa na binti yake, si yeye.

Alikufa nikiwa Musonoi, nimestaafu. Niliambiwa na mchuuzi wa unga aliyefikiri najua. Matanga yalikuwa yamekwisha, watu wamekwisha kunyoa. Nilipofika, binti yake alinieleza kwamba mama aliugua kwa majuma, na alikuwa na akili zake mpaka mwisho, na walimuuliza kama waniite. Alisema wasinisumbue.

Nilikuwa na dada mmoja, ndiye aliyenilea. Kwa kukubali kushika mabati ya mpangaji wake, na kuamini jicho langu kuliko kinywa chake, nilimnyang'anya nyumba, nikamharibia jina lake mbele ya watu wa mumewe, nikampoteza yeye akiwa hai, na sikumzika.